Kosa Ni Langu: Neno la Kuzima Hasira kwenye Meza ya Pool

Hotuba ya afisa wa polisi wa uhusiano na jamii kwa vijana, madereva wa malori na wenye meza za pool, mpakani Busia



Sikuja leo kuukataza mchezo wa pool. Mimi mwenyewe huucheza, na kwa bahati mbaya huucheza vibaya. Nimekuja kuzungumzia dakika moja tu ya mchezo huo: ile dakika ambapo mpira uliokuwa mdomoni mwa shimo unakataa kuingia, wenzako wanacheka, na moto unakupanda kutoka tumboni hadi kichwani.

Dakika hiyo ninaijua. Nilipokuwa askari kijana, mbali na hapa, nilibakiza mpira mweusi peke yake mezani, nikaukosa. Niliipiga fimbo kwenye ukingo wa meza, ikavunjika vipande viwili. Mwenye meza alikuwa mama mjane. Hakupiga kelele. Aliokota vipande vyake, akanitazama, akasema, "Mwanangu, fimbo haikukosa." Niliilipa fimbo ile siku ya mshahara, lakini maneno yale sijamaliza kuyalipa hadi leo.

Ndugu zangu, mtu akikasirika moyo humwenda mbio, pumzi hufupika, mabega na vidole hukaza. Mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Maandalizi hayo humfaa anayefukuzwa na nyati. Hayamfai anayetaka kuusukuma mpira polepole ubembee hadi shimoni. Pool hutaka mkono mlegevu, kichwa kilichotulia na jicho lisilohama. Ndiyo maana anayekasirikia mpira wa kwanza huukosa wa pili, na anayekasirikia wa pili huukosa wa tatu. Hasira haimwadhibu mpinzani; humwadhibu mwenye nayo, na mbele ya watu.

Wala msidhani udhaifu huu ni wa wanaojifunza tu. Ronnie O'Sullivan wa Uingereza ni miongoni mwa wachezaji mahiri kabisa wa snuka, mchezo ulio ndugu wa pool. Desemba 2006, katika mashindano ya ubingwa wa Uingereza mjini York, alikuwa nyuma ya Stephen Hendry kwa 4 kwa 1 katika pambano ambalo mshindi alihitaji kufikisha 9. Akakosa mpira, akampa mpinzani wake mkono, akaondoka ukumbini wakati pambano halijafika hata nusu. Alipoteza mechi, akaomba radhi, na baadaye akatozwa faini ya pauni 20,800. Mwaka uliofuata alirudi katika mashindano hayo hayo, akatwaa ubingwa. Mwaka 2011 alianza kusaidiwa na Steve Peters, daktari wa magonjwa ya akili, ili ajifunze kuzitawala hisia zake. Mwaka 2012 na tena 2013 akawa bingwa wa dunia. Mtu mwenye kipaji kama kile hakuona haya kukiri kwamba tatizo halikuwa mezani.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mji wetu una jina moja pande zote mbili, na tuna kituo cha pamoja, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, ambamo maafisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Lakini kwenye meza zetu hukutana fedha za aina mbili na desturi nyingi. Kibanda hiki, anayekosea humpa mwenzake mikwaju miwili, kile, mmoja. Hapa mchezaji lazima alitaje shimo la mpira mweusi, pale halitajwi. Mgeni akikosa, ni rahisi kuamini kwamba ameonewa.

Niliwahi kusikiliza shauri la vijana wawili, marafiki tangu shuleni, kila mmoja na upande wake. Dau lao halikuzidi bei ya sahani ya chakula. Aliyekuwa akishindwa alianza kuilaumu meza kwamba imeinama. Kisha akailaumu fimbo. Kisha akamlaumu rafiki yake kwa kucheka. Mwisho akasema, "Nyinyi wa ng'ambo ndivyo mlivyo." Neno hilo liliwainua watu ambao hawakuwa hata wakicheza. Fimbo ikapita hewani. Rafiki yake leo anaona kwa jicho moja. Nilipomhoji aliyepiga, hakuweza kuniambia walikuwa wamefungana ngapi. Alilokumbuka ni kwamba mpira ule alikuwa ameukosa mwenyewe.

Tazameni mwendo wa lawama: meza, fimbo, rafiki, taifa. Ingekatwa pale mwanzo, jicho lingepona. Na cha kuikatia ni maneno matatu tu: kosa ni langu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Anayekiri kwa sauti kwamba amekosa mwenyewe hana tena wa kugombana naye.

Sheria nayo haichezi. Fimbo ya pool ina urefu wa karibu mita moja na nusu na uzito wa nusu kilo hivi. Ukiishika kwa hasira, umeshika silaha. Kumshambulia mtu na kumuumiza mwilini kunaweza kukupeleka gerezani hadi miaka 5, Kenya na Uganda vilevile. Kwa madhara makubwa, Uganda adhabu hufika miaka 7, na Kenya yaweza kuwa kifungo cha maisha. Kuvuka barabara kwenda upande wa pili hakufuti kosa.

Sasa nawaomba mambo machache. Ukikosa na ukahisi moto unapanda, laza fimbo mezani au iegemeze ukutani. Mkono mtupu hautendi mengi. Rudi nyuma hatua mbili, vuta pumzi, kisha itoe taratibu kuliko ulivyoivuta. Jiulize swali moja la ufundi: je, niliinua kichwa kabla ya kupiga? Nilikaza mkono? Nilipiga kwa nguvu pasipo haja? Swali la ufundi huikosesha hasira nafasi ya kukaa. Chukua chaki, paka ncha ya fimbo bila haraka, ndipo urudi. Ikiwa umeshindwa mara tatu na unatamani kuongeza dau ili urudishe zilizokwenda, hiyo ndiyo saa ya kwenda nyumbani.

Nanyi mnaotazama, mna sehemu yenu. Kicheko ni halali. Kejeli juu ya kabila au nchi ya mtu si halali. Rafiki wa kweli humshika mwenzake bega na kumtoa nje kabla ya mkwaju unaofuata.

Wenye meza, andikeni kanuni za kibanda chenu ukutani, kwa Kiswahili, zisomwe kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Sawazisheni miguu ya meza ili asiwepo wa kuisingizia. Mkiona mambo yanaharibika, kusanyeni fimbo kwanza, kisha mwiteni mwenyekiti au mtuite sisi. Tungependa kuitwa kusuluhisha kuliko kuitwa kubeba majeruhi.

Ndugu wananchi, asiyekubali kushindwa si mshindani. Kesho malori yatavuka, madereva watakwenda zao, na sisi tutabaki majirani, tukinunuliana samaki na kuzikana. Usiku wa leo baadhi yenu mtacheza, na baadhi yenu mtakosa mpira ambao hata mtoto angeuingiza. Saa hiyo ikifika, mkumbukeni yule mama: fimbo haikukosa. Semeni "kosa ni langu", mpeni mwenzenu mkono, na mrudi nyumbani na macho yenu yote mawili.