SAFARI YA KIKUNDI NI KAZI YA KIKUNDI

(Hotuba kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia)

Vikundi vitatu vimeniuliza jambo moja: "Dada, na sisi tunaweza kwenda kuona wanyama na miji ya kale, au hayo ni ya wageni tu?" Jibu ni kwamba mnaweza. Lakini kwanza niwaambie kosa nililoshiriki mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliandamana na kikundi kimoja kwenda Tsavo. Tulipatana kuondoka alfajiri. Tukaondoka saa nne. Kufika langoni, giza limeingia na lango limefungwa. Tukalala ndani ya basi, kina nyanya miguu imevimba. Hayo yalipita. Lililobaki ni la pesa. Hatukuwa tumehesabu ada ya gari wala chakula cha dereva. Zilipopungua, mweka hazina akatoa za mikopo zilizokuwa kwenye simu yake. Nilikuwapo, nikanyamaza. Jumatatu mama mmoja mjane, ambaye hata hakusafiri, alikuja kuomba mkopo wa karo. Hakukuwa na kitu. Mtoto alikaa nyumbani, na kikundi kikachukua mwaka mzima kuaminiana tena.

Kwa hiyo, jamani, hesabu kwanza, njia baadaye.

Kwanza, fungueni daftari la safari peke yake. Kila anayetaka kwenda aweke kidogo kidogo kila mkutano. Pesa za mikopo zisiguswe, hata kwa siku moja.

Pili, andikeni kila kitu: gari na mafuta, dereva, malazi, chakula, ada za watu na ada ya gari lenyewe. Ulizeni bei mapema. Ongezeni akiba kidogo ya ugonjwa au pancha.

Tatu, chagueni wakati. Epukeni mvua ndefu za Machi hadi Mei, maana barabara za mbuga ni za udongo. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kukavu, na wanyama hukusanyika penye maji.

Sasa njia. Hapa kwetu Makueni tuko karibu na barabara ya Mombasa. Siku nne zatosha.

Siku ya kwanza, nendeni Voi mlale mjini, ambako malazi ni nafuu kuliko ndani ya mbuga.

Siku ya pili, ingieni Tsavo Mashariki lango likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kila mmoja awe na kitambulisho, kwa maana raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Siku hizi ada hulipwa kwa eCitizen, si kwa pesa mkononi; lipeni kabla ya kufika. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa mbugani tangu 2020, basi bebeni maji kwa vyombo vyenu. Pitieni bwawa la Aruba, mtaona ndovu wekundu kwa vumbi la Tsavo. Kisha tokeni kwa lango la Sala, mwende Malindi. Njia ni ndefu, msichelewe.

Siku ya tatu, Gede. Huu ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe, ukaachwa karne ya 17. Kaburi moja lina tarehe inayolingana na mwaka 1399. Mtaona msikiti mkuu, nyumba zenye vyoo, na visima. Vyombo kutoka China vilichimbuliwa humo. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia. Kati ya sababu zinazotajwa za watu kuhama ni vita na maji kupungua visimani. Sisi tunaochimba visima, hebu tusimame hapo tufikiri.

Papo hapo Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wanavijiji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado ndani ya vifuko vyao. Msitu ukikatwa, mapato yanakwisha. Kwa hiyo wanaulinda. Waulizeni wanavyogawana pesa. Jioni mlale Mombasa.

Siku ya nne, asubuhi, Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Kisha mrudi nyumbani mchana, si usiku.

Mkirudi, mweka hazina asome risiti zote mbele ya kikundi, na waliokwenda wawasimulie waliobaki. Yule aliyebaki nyumbani asipoteze chochote kwa sababu wengine walisafiri. Hicho ndicho kipimo cha safari njema.

Kazi ya kufanya: mkutano ujao, kila kikundi kije na ukurasa mmoja wa hesabu. Tutausoma pamoja, na mara hii sitanyamaza.