Kusafisha bila kuhesabu ni kazi nusu
Neno kwa vijana na wakaaji wa kando ya ziwa, Uvira



Salongo tunaijua sisi wote. Tunakamata fagio na majembe, tunatoa takataka ukingoni, tunapiga foto, tunarudi nyumbani. Mvua ikinyesha milimani, plastiki imerudi pale pale. Kusafisha ni vizuri, lakini pamoja na taka tunatupa pia ushahidi. Leo tunawaomba jambo moja: kabla ya kubeba, tuhesabu.

Juu ya nini? Ukiuliza hapa plastiki inatoka wapi, kila mtu ananyoosha kidole mbali. Huyu anasema Bujumbura, ng'ambo. Yule anasema Bukavu, inashuka na Ruzizi. Ni kweli, kule Bukavu taka za Ziwa Kivu zimekwisha kuziba mitambo ya umeme ya Ruzizi mara na mara. Lakini Mulongwe na Kalimabenge inapita katikati ya nyumba zetu wenyewe. Kila njia inaleta kiasi gani? Pasipo hesabu, mkubwa akiulizwa atajibu "ni ya majirani", na habari inaishia pale.

Na ziwa hili halisahau. Tanganyika iko na mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga, kule Kalemie. Kinachoingia huku kaskazini hakitoki upesi. Maji hayo njo tunachota, njo tunaoga, njo tunavua ndagala na mikebuka. Tena kanivo zikijaa sashe, maji ya mvua yanatafuta njia ndani ya nyumba. Mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020 hatusemi yaliletwa na sashe. Tunasema mji uliozika watu wake namna ile hauwezi kuacha kanivo zizibwe.

Kazi yenyewe si ngumu. Kule Texas, Marekani, mwaka 1986, watu wa kawaida walisafisha pwani ya bahari huku wakiandika kila kitu walichookota. Leo kazi hiyo inafanyika katika inchi nyingi. Sisi tutafanya hivi:

Moja. Tunachagua mahali pane: Kavimvira, mlango wa Kalimabenge, mlango wa Mulongwe, na Kalundu karibu na bandari. Kila mahali tunapima mita 100 kwa kamba. Mwezi ujao ni mita zile zile. Hapana kuhamia penye taka nyingi ili foto iwe nzuri. Ziwa likipanda ao likishuka, tunaandika.

Mbili. Kundi ni watu wanne: wawili wanaokota, mmoja anahesabu, mmoja anaandika. Tunatenga sashe, chupa, vifuniko, sapatu, nyavu na kamba, na vipande vilivyovunjika. Mwisho tunapima uzito kwa mizani ya samaki. Sindano na vioo, mtoto asiguse.

Tatu. Mfuko mmoja katika kila mahali unahesabiwa na watu wawili, kila mtu peke yake. Hesabu zikiachana, tunarudilia.

Ine. Mvua kubwa ikipita, tunasimama juu ya daraja la Mulongwe dakika 30 na kuhesabu vinavyoelea. Hiyo itatuonyesha ni nini kinatoka katika kartie zetu. Chupa iliyoandikwa Burundi inaonyesha mahali ilipotengenezwa tu. Inaweza kuwa ilinunuliwa katika soko letu, ikatupwa na mkono wetu.

Tano. Tukikuta kidogo, tunaandika kidogo. Tukikuta sifuri, tunaandika sifuri. Siku tutakapoongeza namba moja ya uongo, karatasi zote zitakufa, na sisi pamoja nazo.

Karatasi hizo zitakwenda wapi? Nakala moja meri, moja kwa watafiti wa Centre de Recherche en Hydrobiologie hapa Uvira, na moja inabandikwa sokoni, kila mtu asome. Sheria iko: dekreti ya Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza sashe katika inchi yetu. Inchi ine za ziwa hili zilitia sahihi mkataba wa kulilinda mwaka 2003. Tunadai zitumike. Tunadai pia mahali pa kutupa taka katika kila kartie, sababu mama hawezi kuambiwa "usitupe mtoni" bila kuonyeshwa pa kutupa.

Na hesabu ikionyesha kwamba nyingi inatoka kwetu, tutaitangaza vile vile, kwa sauti ile ile.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa moja ya asubuhi, mlango wa Mulongwe. Mulete kamba, kalamu, na mifuko ya kurudisha nyumbani, si ya kuacha pale.

Mapambano yanaendelea.