Tabasamu la Kompyuta: Jaribu Kabla Meno Hayajachongwa

Ukiwa Likoni, Kisauni au Changamwe, sogeza kiti karibu na redio. Leo tunazungumza juu ya kupanga tabasamu kwa kompyuta.

Tuseme una binti wa miaka 17. Siku moja anakuja na simu mkononi na kukwambia, "Mama, nataka kutengenezwa meno ya mbele. Daktari anakupiga picha, kompyuta inakuonyesha utakavyocheka, kisha unatengenezewa vivyo hivyo." Utamjibu nini? Ukimwambia aache upuzi, atanyamaza, lakini ataendelea kuziba kinywa kwa kiganja kila anapocheka. Ukikubali bila kuuliza, huenda akachongwa meno mazima ambayo hayataota tena. Kwa hiyo yafaa ujue kazi hii inavyofanywa, ili ujue la kuuliza.

Mpango wenyewe huanza kwa picha. Daktari wa meno hupiga picha za uso, kwanza midomo ikiwa imetulia, kisha mtu akicheka. Mara nyingi huchukua pia video fupi mtu akizungumza. Halafu huingiza kinywani skana, kifaa kama kalamu nene chenye kamera ndogo kwenye ncha. Kifaa hicho huchora umbo la meno na fizi kwenye kompyuta. Zamani ilikuwa lazima uume dawa laini kama donge la ugali, na wengi walitaka kutapika.

Baada ya hapo daktari huchora mistari juu ya picha. Mmoja hulala usawa wa macho, mwingine hushuka katikati ya uso. Kwa mistari hiyo huona kama meno yamepinda upande, kama ni mafupi, au kama fizi zinaonekana mno. Mwaka 2012 madaktari wawili wa Brazil, Christian Coachman na Marcelo Calamita, walichapisha maelezo ya njia hii, na tangu hapo imeenea katika nchi nyingi. Mwanzoni walitumia programu za kawaida za kuonyesha picha, zile zile ambazo watu huzitumia kwenye mikutano. Baadaye zikatengenezwa programu maalumu.

Sasa sikiliza vizuri, mama, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Picha ya kompyuta si meno. Ni mpango tu. Kwenye kioo cha kompyuta kila jino linaweza kuwa jeupe na lililonyooka, kwa sababu picha haitafuni na wala haiumi.

Mfikirie fundi cherahani anayekushonea nguo ya arusi. Fundi mzuri hakati kitambaa na kukishona moja kwa moja. Hukupima, akapiga bandi, akakuvalisha, akatazama pale panapobana. Akisharidhika ndipo anaposhona kwa cherahani. Na daktari mzuri wa meno hufanya vivyo hivyo. Ule mchoro wa kompyuta huchapishwa kwa printa maalumu, ukatoka umbo la meno la kushika mkononi. Kutokana na umbo hilo daktari hutengeneza kalibu laini, akaitia resini, akaibandika juu ya meno yalivyo, bila kuchonga chochote. Baada ya dakika chache kalibu hutolewa, na mgonjwa hubaki na meno ya kujaribu. Kama jino limetokeza mno mbele, jaribio hili huwa gumu, na daktari atakueleza.

Akiwa na meno hayo ya kujaribu, mwambie mwanao azungumze. Aseme "fedha", aseme "vitunguu", aseme "samaki". Kwa kawaida tunapotamka "f" na "v", ncha za meno ya juu hugusa kidogo mdomo wa chini. Meno yakiwa marefu kupita kiasi, utasikia maneno yamebadilika. Acheke, kisha umtazame kwa mbele na kwa upande. Asipoyapenda, yanatolewa, na meno yake yapo kama alivyokuja nayo. Hii ndiyo faida kubwa ya kompyuta katika kazi hii: unaweza kubadili mawazo kabla ya hasara.

Na jambo jingine. Kwetu pwani, mwanya ni uzuri. Wangapi wamesifiwa kwa mwanya wao? Lakini kompyuta haijui hayo. Mchoro wa kawaida unaweza kuja na meno yaliyobanana, mwanya umezibwa. Kama mwanao anaupenda mwanya wake, au ameurithi kwa nyanya yake, mwambieni daktari mapema auache. Tabasamu ni la mwenye uso, si la mashine.

Kwa nini tunasisitiza sana habari ya kuchonga? Jino limefunikwa na ganda gumu liitwalo enameli. Mfupa ukivunjika huunga, na ngozi ikikatwa hufunga, lakini enameli ikiondolewa hairudi. Vinia, yaani vigamba vyembamba vya kauri vinavyobandikwa mbele ya jino, mara nyingi huhitaji kuondoa kama nusu milimita ya ganda hilo. Ni kidogo kwa macho, lakini ni ya milele. Na vinia nazo hazidumu milele. Nyingi hukaa miaka 10 hadi 15, kisha hubadilishwa. Msichana akiwekewa akiwa na miaka 20, huenda akifika 60 amekwisha kubadilishiwa mara tatu, na kila mara ni gharama.

Kwa watoto, haraka ni mbaya zaidi. Meno mawili makubwa ya mbele ya juu huota mtoto akiwa na miaka 7 au 8, na mara nyingi huja yakiwa na mwanya au yameinama upande. Mama wengi hushtuka. Usishtuke. Meno ya chonge ya juu yakiota, kwenye miaka 11 au 12, mara nyingi huyasukuma yale ya mbele yakakaribiana yenyewe. Hata kijana wa miaka 15 bado taya na fizi zake zinakua, na kiini cha jino chenye mishipa ni kikubwa, hivyo ukilichonga unakikaribia. Kwa hiyo daktari mwangalifu hungoja ukuaji uishe kabla ya kuweka vinia. Kwa kijana aliyevunjika jino kwa mpira au kwa kuanguka, hujaza kwa resini ya rangi ya jino. Meno yaliyopandana hupangwa kwa waya.

Wapo pia watoto wenye madoa ya kahawia, hasa waliokulia sehemu za Bonde la Ufa kama Nakuru na Naivasha, ambako maji ya baadhi ya visima yana floraidi nyingi. Madoa hayo si uchafu, wala si dalili kwamba mama hakumpigisha mtoto mswaki. Usimsugue kwa mkaa wala kwa mchanga. Madoa mepesi yanaweza kupunguzwa na daktari kwa kusugua tabaka la juu kabisa, bila vinia.

Ukifika kwa daktari, uliza maswali haya matano. La kwanza: je, kuna jino lililooza au fizi zinazotoa damu? Hayo hutibiwa kwanza, maana nyumba haipakwi rangi huku ukuta unavuja. La pili: je, tutajaribu kinywani kabla ya kuchonga? La tatu: utaondoa kiasi gani cha jino, na kuna njia isiyoondoa kitu? La nne: hii itadumu miaka mingapi, na kubadilisha ni pesa ngapi? La tano: naweza kupewa picha na mpango niende nao nyumbani nikafikiri? Daktari wa kweli hatakasirika kuulizwa.

Si kila kliniki ina skana na printa. Hilo lisikuvunje moyo. Daktari anaweza kuchukua umbo la meno kwa ile dawa laini, akafinyanga meno mapya kwa nta, na mkajaribu vivyo hivyo. Lakini usikubali mwanao abandikwe meno saluni na mtu asiye daktari. Madaktari wa meno nchini Kenya husajiliwa na baraza lao, KMPDC, na leseni huhuishwa kila mwaka. Omba kuiona. Ni haki yako.

Na simu je? Programu za simu zinazong'arisha meno ni mchezo wa picha. Hazijui kama fizi ni nzima au jino limetoboka. Mwache mwanao acheze nazo, lakini asiende kwa daktari akadai "nifanye kama hivi".

Basi mama, mwanao akikuuliza habari za tabasamu la kompyuta, usimcheke wala usimkatalie. Mketi pamoja na kuzungumza. Mwulize ni jino gani linalomsumbua, na nani alimwambia ni baya. Pengine tatizo ni jino lililooza ambalo lingezibwa wiki hii. Pengine ni neno la kejeli shuleni. Na pengine kweli anahitaji kutengenezwa, na wakati wake ukifika mtakwenda pamoja mkijua la kuuliza.

Leo jioni kabla hajalala, mwambie apige mswaki kwa dawa yenye floraidi, kisha afungue kinywa umtazame meno kwenye mwanga. Huo ndio mwanzo wa kila tabasamu. Kwaheri, mpaka mazungumzo yajayo.