Arpillera na Cueca: Kumbukumbu ya Waliotoweka Chile
Baada ya mapinduzi ya Septemba 1973 nchini Chile, wanawake ambao waume na wana wao walikamatwa wasionekane tena walianza kushona arpillera, yaani picha za vipande vya nguo juu ya kitambaa cha gunia, vipande ambavyo mara nyingine vilikatwa kutoka mavazi ya waliotoweka. Mwaka 1978 waliongeza muziki: cueca, ngoma inayochezwa na mwanamume na mwanamke wakipunga leso, ilichezwa na mwanamke peke yake, nafasi ya mwenzake ikiachwa wazi. Serikali ya kijeshi ya Pinochet iliyotokana na mapinduzi hayo, pengine bila kuitambua kejeli hiyo, iliitangaza cueca kuwa ngoma ya taifa mwaka 1979, ilhali familia hizo zilikuwa bado zikidai kuelezwa jamaa zao walikopelekwa.