Pesa Hii Nimdai Nani? Mazungumzo Kuhusu Sarafu za Kidijitali

(Mazungumzo na watumiaji wa huduma za fedha, Bugene, Wilaya ya Karagwe)



Mada niliyopewa ni sarafu za kidijitali, na msidhani ni mada ya watu wa Dar es Salaam peke yao. Hapa Bugene, Omurushaka, Kayanga na hata kule Murongo mpakani, hayo ni mazungumzo ya kila siku: kwenye vibanda vya mawakala, kwenye vijiwe vya bodaboda na kwenye vikao vya VICOBA. Huwa makali zaidi msimu wa kahawa, kwa kuwa ndipo fedha ya mwaka mzima inapoingia kwa mkupuo, na ndipo mwenye ahadi ya kuizidisha anapobisha hodi.

Hoja zinazosikika ni nne. Wa kwanza husema: shilingi inapungua nguvu kila mwaka, bali sarafu za mtandaoni zinapanda. Wa pili humjibu: hiyo si fedha, ni namba zinazoelea hewani. Wa tatu huuliza: mbona na pesa ya simu ni namba tu, nasi tunaitumia kila siku? Wa nne humalizia: Serikali inazikataa sarafu hizo huku inazitoza kodi, sasa tushike lipi?

Kila mmoja kati ya hao wanne ana chembe ya ukweli, wala sikuja kumcheka yeyote. Nimekuja na swali moja ambalo naomba kila mmoja aondoke nalo: pesa hii, siku ikinigomea, nimdai nani?

Vitu vitatu vinavyoitwa kwa jina moja

Ugomvi mwingi huanza kwa sababu vitu vitatu tofauti huitwa kwa jina moja la "pesa ya mtandao".

Cha kwanza ni pesa ya simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008. Kampuni nyingine zikafuata. Ni kweli kwamba unachokiona kwenye simu ni namba. Lakini kila shilingi inayosomeka kwenye simu ya mteja inatakiwa iwe na shilingi halisi iliyowekwa kwenye akaunti ya dhamana benki, na kampuni hairuhusiwi kuitumia fedha hiyo kama mali yake. Msingi wa utaratibu huo ni Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake. Kwa hiyo namba ile ni deni: wewe unaidai kampuni, nayo kampuni inasimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania. Unapokwenda kwa wakala kutoa, unalipwa deni lako.

Cha pili ni sarafu ya kidijitali ambayo Benki Kuu yenyewe ingeitoa, kama inavyotoa noti. Januari 2023, Benki Kuu ilitangaza kwamba inaendelea kulitafiti jambo hilo kwa tahadhari na hatua kwa hatua. Kutafiti si kutoa. Anayekuuzia leo "shilingi ya kidijitali ya Benki Kuu" anakuuzia kitu ambacho Benki Kuu haijakitoa.

Cha tatu ni sarafu za mtandaoni kama bitcoin. Bitcoin ilianza Januari 2009. Haina benki kuu wala ofisi. Kumbukumbu zake hutunzwa na kompyuta nyingi duniani zinazokubaliana juu ya nani ana kiasi gani. Mwenye nayo hamdai mtu yeyote. Ana kitu ambacho kina bei kwa kadiri mwingine anavyokubali kukinunua. Zipo pia sarafu za aina hii zinazoahidi kulingana na dola ya Marekani, kama USDT. Hizo zina kampuni nyuma yake, lakini ni kampuni iliyo mbali na mikono ya msimamizi wetu.

Basi wa tatu katika wale wanne ameuliza vizuri, na jibu lake ni hili: zote ni namba, ila namba moja ni deni lenye mdaiwa anayejulikana, na nyingine haina mdaiwa.

Kuhusu thamani

Wazee wa Karagwe hawahitaji kufundishwa na kijana kwamba fedha hubadilika. Kabla ya rupia na shilingi, nchi za ukanda huu zilifanya biashara kwa kauri, zile simbi zilizoletwa kutoka Bahari ya Hindi. Ndiyo maana jirani zetu Waganda hadi leo huiita fedha "ensimbi". Kauri zilikuwa na sifa nzuri: zilikuwa ngumu kughushi, rahisi kuhesabu, na bara zilikuwa adimu. Kisha misafara ya wafanyabiashara ikazileta kwa wingi, thamani yake ikashuka. Na mwanzoni mwa karne ya 20, watawala wa kikoloni nchini Uganda walipokataa kuzipokea kama kodi, aliyebaki na vikapu vya kauri hakuwa na mlango wa kugonga.

Watetezi wa bitcoin husema kwamba sarafu yao imeitibu kasoro ya kwanza ya kauri, nao wanasema kweli: kwa mujibu wa kanuni zake, bitcoin haitazidi milioni 21. Haiwezi kuletwa kwa misafara. Kasoro ya pili, hata hivyo, iko palepale. Uadimu haumlazimishi mtu kukupokelea.

Tazameni mwendo wa bei yake. Novemba 2021 bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2022, ilikuwa chini ya dola 17,000. Desemba 2024 ilivuka dola 100,000. Katika hesabu hizo, anayesema inapanda ana ushahidi, na anayesema inaangamiza naye ana ushahidi. Anayeamua nani yuko sahihi ni tarehe ya mahitaji yako. Mkulima aliyeweka milioni moja ya kahawa Novemba 2021, mwaka uliofuata alikuwa na takriban robo yake. Kumwambia "subiri, itapanda" ni ushauri unaomfaa mwenye fedha ya ziada. Shule hufunguliwa Januari. Ada haisubiri, wala mgonjwa hasubiri.

Wapo watakaosema: hata kahawa hupanda na kushuka. Ni kweli, na hapa hakuna asiyelijua hilo. Lakini bei ya kahawa ikianguka, mibuni inabaki shambani na wanywaji wapo duniani. Bei ya sarafu isiyo na mdaiwa ikianguka, kinachobaki ni matumaini kwamba atatokea mnunuzi mwingine.

Nayo shilingi? Hupungua nguvu, hilo halifichiki. Aliyenunua sukari miaka kumi iliyopita anajua. Lakini ina mwenyewe. Benki Kuu ilipoziondoa noti za zamani zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, ilitoa muda, kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025, ili kila mwenye nazo azipeleke benki na kupewa noti mpya za thamani ileile. Muda ulikuwa na mwisho, na asiyekwenda amepoteza. Hata hivyo mlango ulikuwepo, ukiwa na anwani na tarehe. Hiyo ndiyo maana ya fedha kuwa na mwenyewe.

Kuhusu sheria

Tuje kwa wa nne. Novemba 2019, Benki Kuu ilitoa tangazo kwa umma kwamba fedha halali ya malipo nchini ni shilingi ya Tanzania, na kwamba kufanya biashara ya sarafu za mtandaoni, kuzitangaza au kuzitumia ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021, akizungumza Mwanza kwenye ufunguzi wa jengo la tawi la Benki Kuu, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko ya teknolojia hizi. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo yanayotokana na uhamishaji wa mali za kidijitali.

Mtu akizisoma habari hizi pamoja, haki yake kushangaa. Lakini atenganishe mambo mawili: kutozwa kodi si kudhaminiwa. Mwenye kukusanya kodi anaangalia kipato kilichopatikana. Hajasema kwamba kitu hicho ni fedha, wala kwamba atakufidia ukikipoteza. Amana ya mteja wa benki ina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana hadi kiwango kilichowekwa. Bitcoin yako haina kinga hiyo. Basi asiwepo mtu wa kukuonesha karatasi ya kodi akaiita leseni.

Kuhusu matumizi

Kuna matumizi ambayo watu huyataja kwa haki. Mtoto aliye ughaibuni anaona gharama za kutuma fedha ni kubwa, naye anapendekeza atume USDT. Fedha hufika kwa dakika chache. Lakini duka la Omurushaka halipokei USDT, kwa hiyo inabidi umtafute mtu wa kukubadilishia, tena mara nyingi usiyemjua, kwenye kundi la simu. Hapo ndipo hatari ilipo. Anaweza kuchukua sarafu asikulipe. Anaweza kukulipa kwa fedha aliyoiiba kwa mwingine, na laini yako ikafungwa wakati wa uchunguzi. Ukituma kwenye anwani isiyo sahihi, au ukipoteza maneno ya siri ya kufungulia, hakuna huduma kwa wateja ya kupigia simu. Muamala wa pesa ya simu uliokosewa nao si rahisi kuurudisha, ila una namba ya kumbukumbu, una kampuni, na una msimamizi juu ya kampuni. Weka gharama hizo zote kwenye mizani kabla ya kusema njia ile ni nafuu.

Kuhusu wanaoahidi faida

Ndugu zangu, katika hasara nyingi zinazobeba jina la sarafu za kidijitali, sarafu yenyewe haikuwepo. Lilikuwepo jina tu. Nchini Uganda, kampuni iliyojiita Dunamiscoins ilipokea fedha za watu kwa ahadi ya faida kubwa, na mwishoni mwa mwaka 2019 ikafunga ofisi ghafla. Waathirika walipeleka kilio chao hadi Bungeni. Hapa kwetu, watu waliingiza fedha kwenye mpango ulioitwa LBL ili walipwe kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Jeshi la Polisi likawakamata baadhi ya waliohusishwa nao. Majina hubadilika, mtambo ni uleule: wa kwanza hulipwa kwa fedha za wanaofuata, na wanaofuata wakikwisha, malipo yanakwisha.

Ninyi mnaijua butura, ile kahawa inayouzwa ikiwa bado maua. Mwenye shida hupokea kidogo leo, akatoa gunia kesho. Mipango hii ni butura iliyogeuzwa: unatoa gunia leo kwa ahadi ya magunia kesho, na shambani hakuna mbuni. Anayeumia zaidi ni yuleyule, mwenye haraka kwa sababu ya shida. Tena mara nyingi anayemwalika ni shemeji, mwalimu au muumini mwenzake ambaye kwa kweli alilipwa mara ya kwanza, naye anaamini anachokisema. Kulipwa mara moja si uthibitisho. Ndicho chambo chenyewe.

Kabla hujatoa fedha

Jiulize, au muulize anayekushawishi, maswali haya:

1. Nani ana deni kwangu nikishatoa fedha hii? Jina lake, ofisi yake na leseni yake viko wapi?
2. Faida inatoka wapi? Kama jibu ni "kwa watakaojiunga", ondoka.
3. Naweza kuitoa lini kwa shilingi, na nani atanibadilishia?
4. Ikipotea yote, je, ada, chakula na matibabu vitakuwa salama?
5. Kwa nini nakimbizwa? Biashara ya kweli humruhusu mtu kwenda kuuliza nyumbani.

Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akijitambulisha kuwa wa kampuni ya simu. Piga *106# uhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukipata ujumbe wa kitapeli, utume pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040. Ukiwa na lalamiko juu ya benki au pesa ya simu, anza kwa mtoa huduma, dai namba ya kumbukumbu na uihifadhi. Usiporidhika, peleka lalamiko Benki Kuu. Ukitapeliwa, nenda Polisi mapema, na usifute ujumbe wowote, hata kama unakuaibisha. Aibu ndiyo inayomfanya tapeli avuke salama kutoka kijiji kimoja hadi kingine.

Mijadala iendelee vijiweni. Ni haki yenu na ni afya. Teknolojia itabadilika, na pengine sheria nazo zitabadilika. Swali la mdaiwa halitachakaa. Kama hujapata jibu lake, fedha ya kahawa ibaki ilipo.

Sasa nakaribisha maswali.