Nduguye Tulasi Katika Misitu ya Kilwa



Sisi tunaotunza bustani ya hekalu tumeombwa kusema machache juu ya mimea. Mtulasi ulioko uani kila mmoja wetu anaujua, na majirani zetu wanamjua nduguye, mrihani, unaotiwa katika vikuba vya maharusi. Wataalamu huiweka yote miwili katika jamii moja na mnanaa. Jamii hiyo ni kubwa, ina wafupi na warefu; hata mtiki unaotupa milango na makabati umo humo. Umo pia mrihani wa Kilimanjaro, kichaka chenye harufu ya kafuri, ambao ulivuka bahari na huko India huitwa kapur tulsi. Huo hauna shida, kwa kuwa hulimwa.

Yuko ndugu mwingine aliye taabani. Jina lake la kitaalamu ni Karomia gigas, mti mrefu wa misitu ya pwani. Mwaka 1977 ulipatikana mmoja Mwarakaya, nchini Kenya, na baada ya miaka michache ukakatwa. Mwaka 1993 ukaonekana Tanzania, katika kipande cha msitu wilayani Kilwa. Kisha ukadhaniwa umetoweka kabisa, mpaka mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoikuta miti sita. Sita! Nguzo za ukumbi huu ni nyingi kuliko hiyo.

Misitu ya pwani imekatwakatwa na mashamba, mkaa na moto, hata imebaki vipande vilivyotengana. Na mti wenyewe si mwepesi wa kuzaa, kwani mbegu zake huharibiwa na ukungu na wadudu. Mwaka 2018 matunda zaidi ya 6,000 yalipelekwa kwenye Bustani ya Mimea ya Missouri, mjini St. Louis, Marekani; miche iliyopatikana ilikuwa kama thelathini tu. Tunawashukuru waliofanya kazi hiyo. Hata hivyo, miche iliyo ndani ya nyumba ya vioo, ng'ambo ya bahari, haijawa msitu. Kwa maoni yetu, fedha iliyotumika vizuri kupita zote ni ile waliyolipwa wanavijiji ili wailinde miti pale ilipo, kwa sababu wao ndio wanaolala karibu nayo.

Wapo kati yetu wanaonunua ufuta na mbao Kilwa na Lindi. Hao tunawaomba jambo moja: kabla msitu haujafyekwa, waulizeni wenyeji kama wameuona mti mrefu ambao tunda lake limezungukwa na utando mkavu, mwembamba kama karatasi. Ukionekana, habari ifikishwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla shoka halijafika.