Kijana Wako Anaponyanyua Vyuma Peke Yake

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukitusikiliza. Na kama una kijana wa kiume au wa kike anayependa mazoezi, mwite aje asikilize pia, kwa sababu leo tunamzungumzia yeye.

Hebu tuchukue mfano. Ni Jumamosi alasiri. Umerudi kutoka sokoni na unasikia mtu akipumua kwa nguvu nyuma ya nyumba. Unachungulia na kumwona mwanao wa miaka 16 amelala chali juu ya benchi. Mikononi ameshika bomba la chuma, na kila upande wa bomba hilo kuna mkebe wa rangi uliojazwa simiti. Anashusha bomba mpaka kifuani, kisha analisukuma juu. Yuko peke yake. Je, mama, utafanya nini?

Wazazi wengi wangemkataza papo hapo. Wengine wangemwambia kwamba vyuma vitamfanya awe mfupi. Lakini tuseme ukweli. Mazoezi ya kunyanyua uzito, yakifanywa kwa mpango na chini ya uangalizi, hayamzuii kijana kurefuka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Basi mazoezi yenyewe si adui. Na tena, ukimkataza kabisa, huenda akangoja utoke ndipo aanze, na hapo hatakuwapo mtu wa kumsaidia.

Hatari iko wapi, basi? Hatari kubwa ni kulala chali chini ya chuma bila mtu wa kusimama karibu. Kijana husukuma mara ya 8, ya 9, ya 10. Anajiambia, "Moja tu ya mwisho." Mikono inachoka ghafla na chuma kinamshukia kifuani. Akijaribu kukisukuma tena, kinaweza kubingirika kuelekea shingoni. Kifua kikibanwa, mtu hapati pumzi ya kutosha hata ya kuita. Wewe uko jikoni, redio inaimba, na hujui lolote. Watu wamewahi kufa namna hii, wakiwemo watu wazima wenye nguvu na uzoefu.

Kwa hiyo, mama msikilizaji, kuna swali moja ambalo ningependa umfundishe mwanao. Aliulize kila mara kabla ya kugusa uzito wowote. Swali ni hili: "Nikishindwa, chuma hiki kitaangukia wapi?"

Akiinua uzito kutoka chini mpaka kiunoni na akashindwa, utaanguka mbele yake. Akivaa viatu vigumu na kukaa imara, atausalimika. Akishika uzito mdogo katika kila mkono, kama vile vidumu 2 vya maji, ataviacha vianguke ubavuni. Akipiga pushapu akachoka, atalala tu chini. Hayo yote mtu anaweza kuyafanya akiwa peke yake. Lakini akilala chali na bomba liko juu ya kifua chake, au akichuchumaa na bomba liko mabegani, chuma kitamwangukia yeye mwenyewe. Mazoezi hayo 2 yangoje mpaka mwenzake afike.

Na huyo mwenzake asiwe mtoto mdogo wa kutazama tu. Awe mtu mwenye nguvu za kuuinua uzito huo. Asimame upande wa kichwa, mikono yake ikiwa karibu na bomba, na macho yake yasiwe kwenye simu. Wakubaliane mapema neno la kuomba msaada. Neno fupi kama "Shika!" linatosha.

Sasa tuangalie vifaa vyenyewe, maana hapa nyumbani wengi hujitengenezea. Simiti iliyochanganywa na mchanga na kokoto, ikikauka, huwa na uzito unaozidi mara 2 ule wa maji. Mkebe wa lita 4 ukijazwa simiti hufika karibu kilo 9. Mikebe 2 pamoja na bomba inapita kilo 20, yaani ni zaidi ya mtungi wa maji wa lita 20. Vijana wengi hawajui wanabeba kilo ngapi. Tena mikebe 2 haiwi na uzito sawa daima, na bomba likiinama upande mmoja linaweza kumponyoka. Ipelekeni mikebe kwenye mizani ya kinu cha posho ipimwe kabla ya kufungwa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Kwenye jimu, mtu aliyenaswa akiwa hakufunga vifungio vya pembeni anaweza kuinamisha chuma upande mmoja, uzito ukateleza na kuanguka chini. Baada ya hapo upande wa pili nao huinuka kwa kishindo na kumwaga uzito wake, kwa hiyo wote walio karibu wakae mbali. Lakini bomba lililogandishwa ndani ya simiti haliachi kitu kuteleza. Mikebe haitoki. Ndiyo maana tunasema: kwa vyuma vya simiti, usilale chini yake ukiwa peke yako hata siku moja.

Mkumbushe mwanao mambo haya 5 pia:

La kwanza, apashe mwili moto kwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kuanza.

La pili, azungushe kidole gumba kwenye bomba. Asiweke vidole vyote upande mmoja, maana bomba litateleza.

La tatu, aache mapema. Akihisi zimebaki mara 2 tu kabla ya kushindwa, aweke chini. Kujaribu uzito mpya mkubwa si kazi ya mtu aliye peke yake.

La nne, asizuie pumzi. Atoe pumzi anaposukuma, avute pumzi anaposhusha.

La tano, amwambie mtu wa nyumbani kwamba anaanza mazoezi, na afanyie mahali anapoonekana, si chumbani akiwa amefunga mlango.

Na wewe mama, kagua benchi lenyewe. Mbao zilizopasuka na misumari iliyolegea si za kulaliwa. Baada ya mazoezi, vyuma viwekwe chini, mahali ambapo wadogo hawafiki. Mkebe wa simiti uliosimamishwa ukutani unaweza kumponda mtoto vidole au mguu.

Je, ukimkuta amenaswa? Usikimbie kwanza kutafuta simu. Piga kelele watu waje, na wewe nenda upande wa kichwa chake. Shika bomba katikati kwa mikono yote 2, mwambie asukume nawe, mwinue pamoja. Mkiwa wawili, kila mmoja ashike upande wake na muinue kwa pamoja. Msilivute bomba likapita shingoni.

Likishaondolewa, mtazame. Ikiwa hajitambui na hapumui kawaida, mlaze chali mahali pagumu. Weka kiganja cha mkono katikati ya kifua chake, mkono wa pili juu yake, ukandamize kwa nguvu na haraka. Kandamiza kiasi cha sentimita 5 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwingine apige simu 999 au 112. Usiache mpaka apumue au msaada ufike. Ikiwa analalamika maumivu ya shingo au mgongo, asisogezwe bure.

Na hata akiinuka akisema, "Niko sawa, mama," usiridhike haraka. Kama shingo ilibanwa, au sauti imekwaruza, au anameza kwa shida, au anatema damu, au kifua kinamuuma anapopumua, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Koo linaweza kuvimba polepole na kuziba njia ya hewa baadaye.

Sasa turudi nyuma ya nyumba, kwa kijana wetu juu ya benchi. Usimpigie kelele akiwa ameshika chuma, maana atashtuka. Simama upande wa kichwa mpaka akiweke chini. Kisha keti naye umuulize kwa upole: "Mwanangu, ungeshindwa, chuma hiki kingeangukia wapi?" Mwache afikiri mwenyewe. Jibu atakalolitoa kwa kinywa chake atalikumbuka kuliko makatazo 10. Halafu kubalianeni: akiwa peke yake, pushapu na vidumu, akiwa na mwenzake, ndipo benchi.

Mama msikilizaji, tunataka vijana wetu wawe na nguvu, na tunataka waje mezani jioni wakiwa wazima. Yote 2 yanawezekana.